Mshale wa Nzioka

Jumatatu, 1 Juni 1987
Nyumbani, Nuu. Nimekagua mizinga saba. Mitano ina asali. Tumbo limevimba, mshipi haufungi tena. Mke wangu Mwelu amenitafutia kamba. Kazi inaendelea.

Jumapili, 7 Juni
Nimesimamishwa kushiriki Meza ya Bwana. Nzioka, mwenyekiti wa wazee wa kanisa, amesema mbele ya washirika wote kwamba mfuga nyuki mwenye tumbo hili anakunywa kaluvu. Tangu nibatizwe sijaonja pombe ya asali wala nyingine. Nina hasira. Nzioka, niliyechunga naye mbuzi!

Alhamisi, 11 Juni
Nimetapika damu. Nusu beseni. Mwelu amelia. Nimeletwa hospitali Kitui. Nimeogopa, lakini kufa sifi.

Ijumaa, 12 Juni
Daktari naye alianza na pombe. Nikamwambia apime kwanza, ahukumu baadaye. Akaweka kifaa chake juu ya ini, akasikiliza sana.

“Mzee, kuna kelele hapa ndani. Uliwahi kudungwa na kitu?”

Nikamwonyesha kovu chini ya mbavu. Mshale, bila sumu, tukiwinda paa miaka thelathini iliyopita. Aliyeurusha ni Nzioka. Mama zetu tuliwaambia nimeangukia kijiti, na hatukusema tena.

Daktari anadhani mshale ulitoboa mishipa miwili ndani ya ini, ikapona ikiwa imeungana. Damu ya nguvu kutoka moyoni inaingia kwenye mshipa wa damu ya pole kutoka matumboni. Presha inarudi nyuma: tumbo linajaa maji, mishipa ya koo inapasuka. Nimeelewa mara moja.

Jumatano, 17 Juni
Kesho Nairobi. Mwelu anataka kumwaibisha Nzioka kanisani. Nimemkataza. Amwambie tu kwamba ugonjwa huu umetokana na ule mshale. Atasema mwenyewe, namjua.

Jumatano, 24 Juni
Picha imeonyesha tundu lenyewe. Wamepasua, wamefunga mshipa. Uchungu mwingi. Nipo.

Jumapili, 19 Julai
Nyumbani. Kelele imekwisha, tumbo limeshuka. Kanisani Nzioka alisimama kabla ya Meza.

“Mimi ndiye niliyemdunga Kyalo huyu kwa mshale. Na mimi ndiye niliyemfukuza hapa.”

Kikombe aliniletea mwenyewe, kimejaa hadi ukingoni. Nikakishika pamoja naye, kisimwagike. Baadaye nimempa chupa ya asali. Kesho nakagua mizinga. Mshipi unafunga.