Mama Mkwe na Kibuyu cha Maziwa

Mugeta, Jumapili, Agosti 1986

Leo nimeulizwa yote kuhusu ulaji wangu, tena na mama mkwe mwenyewe, niliyekuwaga namwogopa kuliko wote. Alinikaribisha kwa kibuyu cha maziwa ya mgando. Nikasema, "Samahani mama, siku hizi sili kitu chochote cha mnyama."

"Ni ugonjwa?"

"Hapana. Tangu tulipomchinja yule maksai wetu wa kulimia, moyo umekataa."

"Na maziwa je? Maziwa hayachinjwi."

"Nikiyanywa namkumbuka ndama, mama."

"Nguvu ya kulima utapata wapi?"

"Kwa maharage na karanga. Pamba ya mwaka huu nimeipalilia hivyo hivyo."

Akakifunika kibuyu, akakiweka kando. Nikajua nimemuumiza, maana hapa kukataa maziwa ya mtu ni kumkataa mwenyewe. Nikawaza, sasa atamwambia mwanaye anirudishe kwetu...

Akainuka, akaingia jikoni. Nilisikia akitwanga kwenye kinu. Alirudi na mchicha wa karanga kwenye chungu kipya.

"Hiki ni chako. Hakijaguswa na nyama."

Nikipata mimba najua maswali ya nyama na maziwa yatarudi, na mengine sina majibu yake. Lakini leo nimeshiba, na aliyenipakulia ni yeye.