Mishubiri Chumbani kwa Mama Mkwe

Jumapili, 5 Novemba 1978
Nimegeuza vikopo dirishani, kila mshubiri upate jua upande wa pili. Vikopo vitupu vya dawa, vya stoo ninakofanyia kazi. Mimea midogo, majani manene kama vidole vya mtoto. Mama Deo anaiita kupe: hailimi, hailiwi, inakaa ndani tu. Nami huimwagilia nikikumbuka, na kukumbuka kwangu ni kwa nadra. Ndiyo siri. Kwa uvivu nimekuwa bingwa.

Wa katikati ni wa Deo, mwanangu. Aliuokota kwenye mawe ya Ngara. Alipokwenda vitani na mgambo alisema tu, "Baba, nisiukute umekufa." Hautakufa.

Alhamisi, 9 Novemba
Mama mkwe amefika kwa lori kutoka kaskazini, amekimbia vita. Kitenge na kuku mmoja. Mzima, tumshukuru Mungu. Tumempa chumba cha Deo, chenye dirisha la jua. Lenye vikopo.

Kwetu mwanamume haingii anapolala mama mkwe, awepo asiwepo. Nimemwamkia nikiwa nyuma ya ukuta, naye akaitikia, "Marahaba, baba." Basi. Nimejifungia nje mwenyewe.

Jumatano, 15 Novemba
Maji. Kila asubuhi nayasikia. Anainywesha mishubiri!

Nimemwambia Mama Deo amkataze.

"Mkataze wewe," akacheka. Anajua siwezi. Kisha hakucheka. "Mama ameacha migomba yote. Nimnyime na kikopo?"

Nina hasira na sina wa kumkasirikia.

Jumapili, 19 Novemba
Wamekwenda kanisani. Nimezunguka nyuma nikachungulia dirishani. Shina la mshubiri wa Deo limelegea kama ndizi iliyopitiliza kuiva.

Jirani akanikuta. "Ha! Baba Deo! Unamchungulia mkweo?"

Mzee mzima. Nimekosa hata pa kuweka mikono.

Jumatatu, 20 Novemba
Mji mzima unajua. Imebidi Mama Deo amweleze mama yake yote, kuniokoa. Nimerudi kutoka kazini nikakuta vikopo vimepangwa uani.

Sauti ukutani: "Baba, nisamehe. Nilidhani vina kiu."

"Vina kiburi tu, mama."

Akacheka. Mara ya kwanza tangu afike.

Wa Deo nimeukata, nimetupa sehemu iliyooza. Kimebaki kichwa. Kikauke kivulini, kidonda kifunge. Utapona. Kazi hii naijua kuliko stoo.

Jumanne, 28 Novemba
Kidonda kimefunga. Nimeupanda kwenye mchanga mkavu.

"Umepanda au umezika?" Mama Deo huyo.

Sikucheka. Baadaye nilicheka kidogo.

Jumapili, 7 Januari 1979
Nimeuvuta taratibu. Umegoma kung'oka. Una mizizi.

Vikopo vimerudi dirishani. Mama mkwe ndiye anayevigeuza, na maji hagusi mpaka nimtume Mama Deo kumwambia.

Habari za Deo bado.

Jioni sauti ikaja ukutani: "Baba, wa mjukuu wangu haujambo."

Nikasema asante, mama. Tukakaa, kila mtu upande wake wa ukuta.