Kata Kwanza, Ndipo Useme Halijakomaa

Mjukuu wangu Lwidiko,

Huna haya! Umerudi chuoni kwako umeniacha na hasira, hata chai hainishuki. Barua hii naandika waziwazi, wenzako nao waisome, maana najua hauko peke yako.

Pasaka ulikaa jikoni kwangu hapa Mahongole, unaota moto, unaongea na simu huku unacheka. "Ile makala nimeikataa. Chuo chenyewe nani anakijua?" Ulipokata simu nikakuuliza, umeisoma? Ukanijibu, "Bibi, ukurasa wa kwanza unatosha. Kongamano linatuletea makala nyingi mno za kukagua." Sikukugombeza mbele ya wageni. Sasa wageni wameondoka.

Unakumbuka parachichi zetu? Ulikuwa likizo, kidato cha pili. Tulichuma kwenye baridi ile ya Juni, vidole vimekufa ganzi, ukazipanga kwenye kreti kama unapanga mayai. Mnunuzi akafika na gari, akauliza, "Za nani hizi?" Akaambiwa za bibi wa kule bondeni. "Hazijakomaa, toa," akasema, wala hakushuka. Wewe, mpole kuliko wote nyumbani, ulishika mlango wa gari ukapiga kelele: "Kata moja uone! Kata hata moja!"

Hakukata. Tulirudi nazo kichwani, wewe mbele, mabega yanatikisika, ukidhani sioni kwamba unalia.

Leo gari hilo unaendesha wewe.

Mimi niliishia darasa la nne, mambo yaliyomo humo siyajui. Inawezekana hiyo makala ni mbovu kweli. Basi ikatwe, mwenyewe aonyeshwe palipooza. Na jina la chuo linaonekana la nini kabla ya kazi? Lifunikeni! Anayekataa naye awe na mtu wa kumuuliza: umesoma? Muda huna, basi usipokee nyingi. Nani alikulazimisha?

Nakupenda, ndiyo maana situlii. Nikikaa nasimama, nikisimama namuwaza huyo aliyeandika makala, anayefungua simu yake kila saa aone kama mmemjibu. Labda naye ana bibi anayemngoja.

Ulisema kikao cha kuamua bado hakijakaa. Ifungue makala hiyo leo. Isome mpaka ukurasa wa mwisho, mwandikie sababu zako, ndipo unipigie. Kabla ya hapo usinipigie.

Bibi yako,
aliyetembea nyuma yako na kreti