Askari Aliyemuuliza Mama Yangu

Mjukuu wangu Amani,

Pokea salamu za koko wako, bibi yako wa mtaa wa Vickery Meadow, ambaye Mungu bado anamwamsha, magoti yakilalamika. Mama yako Furaha sasa ni msimamizi kule ghalani anakofanya kazi. Kanisani nimeshawachosha watu kwa habari za mjukuu wangu anayesoma Houston. Waache wanivumilie tu!

Umeniuliza kama inafaa vijana wa miaka kumi na minane bado waandikishwe kwa ajili ya jeshi. Nikiwa msichana kule nyumbani Fizi, kabla hatujakimbilia huku, askari aliyetafuta vijana wa kupeleka vitani aliingia kwetu, akamuuliza mama yangu ana wavulana wangapi.

"Kwetu watoto hawahesabiwi, baba," mama akajibu. "Wanaitwa tu kula."

"Basi waite waje kula!"

Akatuita sisi wasichana tu. Kaka zangu walikuwa wamejificha kichakani. Yule askari mwenyewe alikuwa kijana mdogo. Bugali wetu wa muhogo ulipofika akasahau swali lake, akala, na mama akamwongezea. Alipoondoka mama akasema, "Na huyu kuna mama anamtafuta."

Kwa hiyo mimi ningeufuta huo uandikishaji. Najua leo serikali ya hapa haimpeleki mtu vitani, inaandika majina tu. Lakini nimechoka, mjukuu, kuona serikali zikihesabu watoto wa watu. Hata hivyo sheria ni sheria, na hapa tulipokelewa. Jiandikishe. Ukimaliza nipigie simu, ila usiniambie imechukua dakika mbili tu kumhesabu mtoto wetu.

Koko wako anayejivunia wewe,
Mama Furaha