Vigingi Ulivyopikia Wali

Mama mpendwa,

Kwa heshima na taadhima ninakutangazia wewe, pamoja na wakazi wote wa Mbugani, kwamba mgomba wa kona umezaa mkungu mzito hata tumeuwekea nguzo mbili. Hakuna aliyejeruhiwa.

Nimekukumbuka sana, kwa sababu leo darasani nilifundisha kwa nini nchi ndogo wakati mwingine huishinda kubwa vitani. Nilichora milima ubaoni, mishale, na marafiki wa kuleta silaha. Hayo hayo niliwahi kukuchorea wewe chini kwa kijiti, nilipokuwa mwalimu mpya mwenye suruali moja na maneno mengi. Ulikuwa unapepeta mchele. Ukauliza, "Hao wakubwa kwao ni wapi?"

"Mbali, mama."

"Basi wameshindwa. Wa mbali huhesabu siku. Aliye kwao azihesabu za nini?"

Nilicheka. Kitabuni haikuwemo.

Kisha serikali ikawafungulia watu binafsi biashara ya mazao, na yule mnunuzi wa mpunga akaja na lori na barua ya ofisini, akiitaka migomba yetu ajenge ghala. Na katikati ya migomba amelala baba. Vijana wa mnunuzi walipiga vigingi vya kupimia kiwanja. Ukaving'oa, ukaviwashia moto, ukampikia mnunuzi wali na samaki wa mbasa. Kwetu mgeni haondoki na njaa, naye hakujua namna ya kukataa. Akarudi na vigingi vingine. Ukapika tena.

"Ndaga fijo, mama," alishukuru mara ya nne, akilamba vidole. "Lakini miti yangu inaisha."

"Lete mikavu, baba. Hii ina moshi."

Hakurudi. Yeye alikuwa na viwanja vingine vya kuchagua, wewe ulikuwa na kaburi moja.

Kila mwaka nawasimulia wanafunzi habari hii kama vile nilikuwa jemadari wako. Ngoja leo niseme ilivyokuwa. Siku ile ya kwanza, ulipokwenda Ikombe kwa mtumbwi kununua chungu, ni mimi niliyemshikia mnunuzi ncha ya utepe wa kupimia. Alikuwa ameniahidi kazi ya kutunza ghala. Mtumbwi wako ulirudi mapema, ukanikuta migombani, chungu kikiwa bado kichwani kwako. Hukupaza sauti.

"Shika vizuri, mwanangu. Ila usimkanyage baba yako."

Nikauachia utepe. Nawe ukatua chungu, ukatuita sote wawili tuje kula.

Ni mimi mwanao, niliyeianza vita upande wa adui.