Siku Moja ya Gofu Nje ya Hanoi, Imepangwa Amalemba, Kakamega

Alhamisi, 16 Oktoba.

Mvua imeanza saa tisa kasoro robo, kama jana, kama juzi. Nimefunga dirisha na kuwasha taa ingawa bado ni mchana. Nimekaa kitandani na daftari kwa sababu meza imejaa karatasi za safari ya mtu mwingine.

Safari yenyewe ni ya siku moja tu. Mzee Lubanga anaondoka tarehe nane Desemba kwenda Vietnam kumtembelea binti yake, Mideva, anayefanya kazi Hanoi. Katika wiki zote atakazokaa huko ameomba jambo moja: apelekwe nje ya jiji akacheze gofu siku moja. Mideva hajui gofu. Mwezi uliopita alinipigia simu akasema, "Shisia, ndugu yangu, wewe ndiye unamjua. Panga kila kitu. Mimi nitatafuta gari na kutafsiri."

Kumjua namjua. Nimembebea mfuko wa gofu miaka kumi na moja, kila Jumanne na kila Jumamosi, kwenye uwanja wetu wa mashimo tisa hapa mjini. Kazi hiyo inaitwa ukedi. Watu hudhani ni kubeba tu. Kedi hupima umbali, huchagua fimbo, hufuata mpira kwa macho mpaka utue, kisha hukaa kimya inapobidi. Siku nyingine nafyeka nyasi za uwanja huohuo, na naweza kufika jioni sijasikia jina langu.

Mama watoto alirudi kwao Lugari na watoto miaka minne iliyopita. Jumapili wananipigia. Zamani tulikuwa tunaongea mpaka salio linakwisha. Siku hizi salio linabaki.

Kwa hiyo niliupokea mpango huu kama mtu aliyepewa shamba alime.

Nilipata uwanja mmoja mwendo wa saa moja na nusu kutoka jijini, kati ya vilima, kando ya ziwa. Nimeutazama kwenye simu kutoka juu, picha ile ya angani, nikahesabu mashimo kwa kidole. Nimeyachora yote kumi na manane kwenye daftari, kila moja na ukurasa wake: mchanga uko wapi, maji yako upande gani, ardhi inapanda au inashuka. Nilisoma pia sheria zao. Kule kila mchezaji lazima awe na kedi, hata akitaka kwenda peke yake. Sheria hiyo niliisoma mara tatu.

Halafu nikapanga saa. Waondoke nyumbani saa kumi na moja alfajiri. Mzee aanze kucheza saa kumi na mbili na nusu, wapumzike katikati, wamalize kabla ya saa saba. Nikaongeza miavuli miwili, na nikaandika: "Saa nane wawe wameshaingia ndani." Sikujiuliza hata mara moja kwa nini. Hapa Kakamega mtoto wa chekechea anajua kwamba baada ya saa nane anga si letu, na radi zetu si za kuchezewa ukiwa na fimbo ya chuma mkononi.

Jumatatu Mideva alipiga simu akiwa anacheka.

"Shisia, hebu niambie, saa nane kuna nini?"

"Mvua."

"Mvua ya nani? Wewe umepangia Kakamega! Huku Desemba hakuna mvua ya mchana. Shida yetu ni asubuhi. Kunakuwa na ukungu, siku zingine mpaka saa nne. Mtu akipiga mpira, hataona hata umeelekea wapi. Sogeza mpaka saa tano."

Nilicheka pamoja naye. Kosa lilikuwa langu, na dawa yake ilikuwa kufuta mstari mmoja na kuandika mwingine.

Sikufuta.

Nitaandika hapa sababu, kwa kuwa ukurasa huu hausomwi na mtu ninayemjua. Mzee Lubanga haoni mpira. Ilianza kama miaka miwili iliyopita. Kwanza alikuwa akiuliza, "Umeenda wapi huo?" mara nyingi kuliko zamani. Kisha akaacha kuuliza. Tangu hapo tuna utaratibu wetu ambao hatujawahi kuuzungumzia. Anapiga. Mimi nasema, "Katikati," au "Kushoto kidogo, karibu na mti." Yeye anasema, "Nimeona." Tunatembea.

Hajaona. Najua hajaona, na nadhani anajua kwamba najua.

Huyu ni mtu aliyekuwa mpima ardhi. Alipima mashamba ya miwa kutoka Shianda mpaka Mumias, na wazee wa huko bado wanasimulia jinsi alivyoweza kusimama kwenye mpaka, akatazama mti ulioko ng'ambo, akataja umbali, kisha mnyororo wa kupimia ukaja kumkubalia. Mtu kama huyo utamwambiaje kwamba macho yamekwisha?

Kule Hanoi atacheza na mkubwa wa kazi wa Mideva na wenzake wawili. Nilipomsikia Mideva akitaja ukungu, jambo la kwanza lililonijia ni kwamba ukungu utamficha Mzee. Watu wanne watapiga, wote wanne hawataona, wote watatembea wakitafuta. Hakuna atakayegundua.

"Dada, tuache hivyo hivyo asubuhi," nilimwambia. "Mzee amezoea asubuhi."

"Lakini hatauona mpira."

"Atauona."

Nilimwambia hivyo binti wa mtu kuhusu macho ya baba yake, na sauti yangu haikutetemeka.

Baada ya simu nilikaa kuandika karatasi ya mwisho ya mpango, ile ya kedi atakayembebea Mzee mfuko. Wengi wa makedi wa kule ni wanawake, kulingana na picha. Nilitaka ajue anampokea nani. Lakini karatasi hiyo lazima ipitie kwa Mideva, ndiye atakayeitafsiri. Nikimwambia kedi kuhusu macho, nimemwambia Mideva. Nisipomwambia, Mzee atasimama kwenye shimo la kwanza mbele ya wageni, mpira umeshatua, naye anageuza shingo huku na kule akingoja sauti ambayo haitakuja. Na kuna lile ziwa.

Nilijidanganya siku mbili nzima kwamba nalinda heshima ya Mzee. Jana, nikiwa nafyeka, nikakubali ukweli. Mideva aliwahi kuniambia, "Nikipata sababu moja tu, Baba hatarudi kuishi peke yake." Sababu hiyo ninayo mimi. Niliificha kwa sababu nataka arudi. Namtaka Jumanne na Jumamosi, akiniita Shisia.

Leo asubuhi nikaenda kwake, upande wa pili wa mji. Alikuwa kibarazani na redio yake. Nilifungua lango, nikaingia uani, hakugeuka.

"Mulembe, Mzee."

"Mulembe! Shisia? Jumanne imehamia Alhamisi?"

Aliagiza chai kabla sijakaa. Nikamwambia nimeleta karatasi ya kedi wa Vietnam, aikague.

"Nisomee wewe. Miwani nimeiacha ndani."

Miwani ilikuwa kwenye mfuko wa shati lake.

Nikasoma. "Mzee hupenda kuulizwa anataka fimbo gani, si kupewa."

"Kweli kabisa."

"Akipiga vibaya, nyamaza mpaka apige tena."

"Huyo mama atanyamaza? Wewe mwenyewe huwanga hunyamazi."

"Mimi nanyamaza, Mzee."

"Unakohoa. Miaka kumi na moja nikikosea tu, unakohoa."

Nikacheka, nikaendelea. "Goti la kushoto linamsumbua kwenye mteremko. Baada ya shimo la tano hula yai la kuchemsha. Atasema hajachoka. Baada ya shimo la tisa mtafutie kiti."

"Hiyo ya kiti toa. Mimi si bibi harusi."

"Hiyo inabaki."

"Haya. Umekuwa mkubwa."

Ulikuwa umebaki mstari mmoja, niliouandika asubuhi kabla ya kutoka nyumbani. Mpaka wakati ule sikuwa nimeamua kama nitausoma au nitakunja karatasi na kunywa chai. Nikausoma. "Mzee haoni mpira ukipita hatua mia moja. Mwambie umeangukia wapi kabla hajauliza, kwa sauti ya kawaida, kama mnapiga hadithi."

Alinyoosha mkono akazima redio.

Kuku wake walikuwa wanachakura chini ya ngazi, nikawatazama wao.

"Hii utampa Mideva?"

"Ndiye anayetafsiri, Mzee."

"Unajua atafanya nini."

"Najua."

"Na bado umeandika."

"Kule kuna ziwa, Mzee. Mashimo manne, upande wa kulia, na mahali pengine hakuna hata ukingo."

"Kwa hivyo unaogopa nitazama kama ng'ombe."

"Ndiyo, Mzee."

Alicheka kidogo, puani. Kisha akasema, "Lakini mia moja si kweli. Andika thelathini."

Sikuelewa mara moja. Kutoka kibarazani mpaka langoni kwake ni kama hatua thelathini na tano. Nikakumbuka kwamba hakugeuka nilipoingia, mpaka nilipomsalimu. Nikakumbuka gari lake, lililofunikwa turubai tangu Februari, eti gia ina shida, na mimi nikaamini. Mimi niliyejiona mlinzi wa siri yake, sikuwa na hata nusu ya siri yenyewe.

"Tangu lini?" nikamuuliza.

"Wewe andika thelathini. Kedi hawezi kufanya kazi na kipimo cha uongo." Akavuta kikombe chake, taratibu, kwa vidole kwanza. "Na mchezo umeuweka saa ngapi?"

"Saa kumi na mbili na nusu. Mideva anasema kutakuwa na ukungu."

Niliona uso wake ukielewa.

"Ili wote wawe vipofu kama mimi."

"Ndiyo, Mzee."

"Wewe Shisia ni mjinga sana." Alisema polepole, kama mtu anayeshukuru. "Nitoke Kakamega mpaka Vietnam nikatembee kwenye wingu? Peleka saa tano. Nataka jua mgongoni. Nataka nione rangi ya nyasi za watu, hizo zilizo miguuni naziona bado."

Nikabadilisha pale pale, kwa kalamu, juu ya goti. Saa tano. Hatua thelathini. Miavuli nikaifuta.

Nilimtumia Mideva picha za kurasa zote saa saba mchana, na chini yake nikamwandikia kwamba Jumatatu nilimdanganya, na kwa nini. Niliandika yote, hata ile sehemu ya kutaka Mzee arudi. Alama za kwamba amesoma zikatokea. Jibu halikuja.

Lilikuja muda mfupi kabla ya mvua, kwa sauti. Mwanzoni alikuwa analia, halafu akawa yule Mideva wa kupanga mambo. Ameshauliza daktari wa macho, Mzee ataonwa wiki ileile atakayofika. Tiketi ya kurudi ya Januari ataisogeza, hajui mpaka lini. "Pengine huku kutakuwa kwake sasa," alisema. Kisha akasema, "Shisia, sijakukasirikia. Ningekuwa wewe, hata mimi ningetaka arudi."

Nimeisikiliza mara mbili. Ya tatu nimejizuia.

Dakika kumi zilizopita ametuma karatasi ya kedi, imeshatafsiriwa. Ni ukurasa mzima wa herufi zenye alama juu na chini, kama nyasi zilizopigwa na umande. Sijui neno hata moja. Sijui yai liko wapi, wala goti, wala pale panaposema anyamaze. Kitu pekee ninachoweza kusoma ni namba 30.

Mwanamke mmoja ambaye sitamwona atayajua kwa ukurasa mmoja mambo yaliyonichukua miaka kumi na moja. Namtakia heri. Pia namwonea wivu, na sioni haja ya kuficha hilo nikiwa nimeshaandika mengine yote.

Nimechukua kalenda ukutani nikahesabu. Kabla ya tarehe nane Desemba tuna Jumamosi nane na Jumanne saba. Nitafika mapema siku zote kumi na tano, na sitakohoa.

Siku ya kumi na sita, Jumanne, itakuja pia, na hakutakuwa na mfuko wa kuinua. Hiyo sijaipangia chochote. Mikono yangu nitaiweka wapi?