Kwenda Paje Bila Msiba

Alhamisi, 4 Julai 2024

Tangu mtoto wetu Grace aende chuo, nyumba hii ya Kitaji imekuwa kubwa. Tunakula, tunaangalia taarifa ya habari, tunaulizana kama geti limefungwa. Basi.

Leo mke wangu Adventina kaniwekea simu mbele ya sahani. Video: mama mtu mzima, mwili kama wetu, kasimama juu ya ubao, wimbi linamsukuma hadi ufukweni. Paje, Unguja. Kuna vijana wanafundisha.

"Mwezi wa nane twende," akasema. "Siku chache tu. Kabla magoti hayajanikatalia."

Nikamwambia yangu yalishakataa tangu kipaimara cha Grace. Hakucheka. Akasema nisipoenda ataenda na mdogo wake, Getruda.

Nikaendelea kula. Samaki hakuwa na ladha — au ni mimi.

Jumamosi, 6 Julai

Dukani, mtaa wa Mukendo. Alfonce, mwenzangu wa duka, anajua tayari. Getruda kamwambia mke wake. Alfonce ameanza kuniita Sato, yule samaki wa ziwani. "Sato, mteja anataka koki ya nusu inchi." Mji mdogo huu!

Nauza mabomba, matangi, koki — kila kitu cha maji isipokuwa kuogelea. Mimi mtu wa Butiama; maji kwetu yalikuwa yanakaa kwenye mtungi. Adventina ni Mjita wa ziwani. Nadhani aliogelea kabla hajatembea.

Nimepiga simu Paje, kujifanya mwanaume anayesimamia mambo. Mwenye nyumba ya wageni Kiswahili chake kimepigwa pasi. Nikamuuliza la muhimu: "Viboko huko vinatokaga saa ngapi?"

Akajibu kwa upole sana: "Mzee wangu, hapa hatumchapi mgeni."

Alfonce, aliyekuwa anasikiliza, alilazimika kukaa juu ya mfuko wa simenti kwa kucheka. Nami nikaanza kumweleza bwana yule kuhusu wanyama, wanavyotoka ziwani kula mahindi ya watu. Akasema bahari yao haina. Nikamshukuru kana kwamba ni yeye aliyewafukuza.

Jumapili, 7 Julai

Baada ya Misa Adventina kanipeleka ziwani, upande wa mchanga. Akaniambia nilale chali, maji yatanibeba. Akaweka mkono chini ya mgongo wangu. Nikakaza shingo kama mtu anayenyolewa na kinyozi asiyemwamini.

"Legea, Baba Grace."

"Nimelegea."

"Umekuwa ubao. Nitapanda juu yako nijifunzie hapa hapa."

Akaondoa mkono. Nikazama kwenye maji ya kiunoni. Nilipoinuka nakohoa, alikuwa anacheka, kicheko ambacho sijakisikia siku nyingi. Halafu akageuka, akaogelea kwenda ndani.

Nikarudi pembeni, nikasimama na viatu vyake mkononi. Kichwa chake kikawa kidogo kama kifungo. Hakuangalia nyuma kuona kama namfuata. Hapo ndipo nilipoogopa kweli, na maji yalinifika magotini tu.

Jumatano, 10 Julai

Humu nasema ukweli, hakuna anayesoma. Nimepata njia ya kujitoa bila aibu. Adventina hajawahi kulivuka neno la mama yangu, hata kwenye jambo la kuku. Mama akikataa, imeisha: haendi na mimi, haendi na Getruda. Nami nitasikitika pamoja naye, kwa heshima zote.

Ijumaa naenda Butiama.

Ijumaa, 12 Julai

Mama alikuwa anapeta ulezi. Nikamweleza. Hakuacha kupeta.

"Amekufa nani huko?"

"Hakuna, mama."

"Anaumwa nani?"

"Hakuna anayeumwa."

"Basi kuna binti anaolewa."

"Hatumjui mtu hata mmoja."

Akaweka ungo chini. "Sasa mnaenda kwa nani?"

Hapo nilitakiwa kunyamaza. Mambo yalikuwa yanakwenda vizuri. Mdomo ukaanza wenyewe. Nikamwambia mimi na Adventina kila tulipopanda basi la mbali lilikuwa la msiba, au la mgonjwa, au la kumpeleka mtoto shule. Kwamba mke wangu nimemzoea akisinzia dirishani na kanga ya kilio mabegani. Kwamba safari hii hakuna anayetusubiri, na huo ndio uzuri wake.

Nikajisikiliza. Nani huyu anaongea?

Mama alisubiri nimalize. Akasema watu wazima hawachezei maji. "Mwambie mke wako nimekataa." Akarudia, nisije nikasahau. Kisha akamfunga kuku miguu, nimpelekee Adventina, neno limshukie taratibu.

Nilichokifuata nimekipata. Bodaboda hadi stendi, kuku mapajani, wote wawili kama tumefungwa miguu.

Jumamosi, 13 Julai

"Mama kasemaje?" Adventina kaniuliza asubuhi; jana nilifika amelala.

"Anakusalimia. Katuma na kuku."

Sentensi zote mbili ni za kweli. Nimezigeuza kila upande, za kweli kabisa.

Adventina akampokea kuku kwa mikono miwili. "Basi katubariki," akasema. Nikaenda kuangalia geti.

Jumapili, 14 Julai

Asubuhi, kwenye jumuiya, kawatangazia wenzake kuwa mama mkwe kabariki safari. Walipiga makofi. Nilipiga na mimi.

Nilipanga kumwambia njiani tukirudi. Alikuwa ananionyesha kwa mikono jinsi mtu anavyoinuka kwenye ubao: goti, mguu, simama. Watu wanapita. Nikaacha.

Sasa yuko uani, anaongea kwa simu na yule bwana wa Paje, anathibitisha chumba. Mimi nipo sebuleni na simu yangu mezani. Inaita. Mama. Ikakatika, inaita tena. Mama hapigagi mara mbili bila jambo. Anataka kujua kama nimefikisha. Nikipokea, Adventina ataomba amshukuru kwa kuku. Nisipopokea, mama atampigia yeye.

Ningekuwa na akili ningetoka sasa hivi, nimwambie akate kwanza. Ni hatua chache tu hadi uani.

"Baba Grace," anaita dirishani, "anauliza tutafika asubuhi au jioni."

Jioni, nimemjibu. Simu yangu bado inaita.